Mama Soli Alivyolowesha Mapafu Yake

Ukiingia kibandani kwa shangazi yangu, alisalimia mguu kwanza. Mtu alikuwa bado anapiga hodi, naye ameshashusha macho na kuona kwamba soli ya kushoto imelika upande wa nje, au kwamba mgeni anatembea kwa kukwepa kidole gumba. "Karibu, keti," alisema, "huo mguu umechoka." Ndipo alipoinua uso na kuuliza habari za nyumbani.

Ametutoka mwezi uliopita. Tangu tumzike, watu wanakuja kutupa pole wakiwa wamevaa kazi yake. Wanaviacha viatu nje, na mimi nikitoka kuwapokea naona mishono yake imejipanga ukutani, jozi kwa jozi, kama vile kibanda chake kimehamia uani kwetu. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, aliniambia niandike habari zake kidogo ili watoto watakaozaliwa wamjue. "Andika ile ya maji," alisema. Akacheka, halafu akatafuta leso.

Basi naandika ile ya maji.

Watu wote walimwita Mama Soli, ingawa hakujaliwa kuzaa. Alishona viatu vya miguu ambayo dukani haikupata kiatu: mguu mfupi kuliko mwenzake, mguu uliopinda tangu tumboni, wayo uliovimba kwa ugonjwa wa sukari, unyayo ambao moto uliuchoma ukapona vibaya. Mwenye mguu kama huo aliingia akiuficha nyuma ya mwenzake, akatoka anatembea katikati ya njia. Mimi alinichukua mama yangu alipofariki, nikiwa bado siwezi kujifunga vifungo. Kwa kuwa nilimfuata kila alikokwenda, akanipa jina la Kisigino, na hadi anakufa hakuniita vinginevyo. Nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto, aliniita hivyo mbele ya wakwe zangu bila haya.

Kazi yake ilianzia kwenye beseni. Ngozi ngumu aliilaza ndani ya maji ya uvuguvugu, akaiacha mpaka ilegee, halafu akaitandika juu ya kalibu, yaani mguu wa mbao aliouchonga kwa kipimo cha mteja, akaivuta kwa koleo pande zote na kuipigilia misumari midogo hadi ikauke na umbo lake. Wapo mafundi waliolazimisha ngozi kavu, ikapasuka kwenye mkunjo. Yeye aliwasikitikia. "Ngozi haina ubishi," aliniambia nikiwa mtoto, mikono yangu ikiwa ndani ya beseni pamoja na yake. "Ina kiu tu. Inyweshe, itakusikiliza."

Naomba msomaji aliweke neno hilo moyoni, kwa maana lilikaribia kumuua.

Utotoni shangazi aliugua homa ya koo ambayo haikutibiwa ikaisha. Homa ile ilipanda moyoni na kuacha kovu kwenye mlango mmoja, ule unaopokea damu inayorudi kutoka kwenye mapafu. Hakuna aliyejua. Alikua, akajifunza kazi, akanilea, na kovu lile likawa linaukaza mlango polepole. Alipofika umri wa makamo, pumzi ikaanza kumkimbia. Kwanza ilikuwa mlimani tu, akasema ni uzee. Kisha ikawa hata kuvuta uzi wa nta kupita kwenye soli, akasema ni soli za siku hizi. Mwisho akawa hawezi kulala kwa kujinyoosha. Akilala chali alishtuka kama mtu anayezama, akaketi akihema. Tukaanza kumwekea mito, mmoja juu ya mwingine, na mito ilipokuwa mingi mno akaiacha yote, akawa analala ameketi kwenye kiti chake cha kazi, kichwa ameegemeza ukutani.

Hayo yote aliyapokea. Lililomshinda ni lingine. Shangazi alikuwa mtu wa sala, si kwa maneno mengi, ila kibandani kwake palikuwa na kona isiyoguswa na gundi wala msumari, na adhana ilipolia aliosha mikono hadi harufu ya ngozi ikatoka, akatandika mkeka wake. Sasa akiinama tu, kifua kinajaa. Paji la uso likielekea chini, pumzi inakatika. Ikabidi asali ameketi kwenye kiti, akiinamisha kichwa kidogo mahali pa kusujudu.

Imamu wetu alimtuliza: sala ya mgonjwa ni kamili, Mwenyezi Mungu hamtwishi mtu asichokiweza. Shangazi alikubali kwa heshima. Lakini tuliporudi nyumbani aliniambia, "Kisigino, ya imamu ni kweli. Lakini mimi mambo yangu yote nimeyasemea pale chini. Siku mama yako anafariki, nilikuwa pale chini. Siku umefaulu, pale chini. Hapa juu kitini sijui hata nianzie wapi. Naona kama napiga kelele kutoka barabarani."

Nilimkuta mara nyingine anautazama ule mkeka.

Daktari wa moyo tuliyempata alikuwa kijana mpole, mwenye foleni ndefu mlangoni. Alimpima kwa mashine inayoonyesha moyo ukicheza, akatueleza. Mlango umekuwa mwembamba. Damu inayotoka mapafuni haipiti vizuri, inarundikana nyuma yake, na kwa sababu hiyo mapafu yamekakamaa. Dawa zitasaidia, lakini tiba hasa ni kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wenye puto dogo kwenye ncha. Puto likijazwa pale mlangoni, mlango unaachia. Kifua hakipasuliwi.

"Tatizo ni moja," alisema. "Kazi hiyo inafanyika mgonjwa akiwa macho, amelala chali, sawasawa kama mbao. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mama, kwa sasa huwezi kulala hivyo hata kwa muda wa kunywa chai. Lazima kwanza mapafu yalegee."

Shangazi aliuliza swali moja tu. "Mkinipanua huo mlango, nitaweza kusujudu?"

Daktari alimtazama. Nadhani wagonjwa wengi walimuuliza kama watapona, au gharama. "Tukifanikiwa, mama, utasujudu."

"Basi nitalala kama mbao."

Tukapewa vidonge vya kukojoza, tukasisitiziwa sana habari za chumvi, tukapangiwa siku ya kurudi. Kama maji yalitajwa, kati yetu watatu, shangazi, baba na mimi, hakuna aliyeyasikia. Shangazi alitoka pale na neno moja tu la daktari: kukakamaa. Neno hilo alilifahamu. Alikuwa ameishi nalo tangu ujana wake.

Nyumbani nilipika bila chumvi, na yeye alimeza vidonge vyake bila kukosa. Lakini badala ya kupata nafuu, alizidi. Sauti ikawa fupi. Alikuwa akisema sentensi nusu, anapumzika, anamalizia. Baba akaja juu.

"Dada, wewe unakula chumvi."

"Chumvi gani? Chakula cha mwanao siku hizi... hata paka anakionea huruma."

"Basi unanunua karanga huko kibandani."

"Nipekue. Wewe tangu utoto... ulikuwa mpelelezi wa sufuria za watu."

Baba akampekua kweli, kwa mdomo, akaenda kumhoji fundi redio. Huyu alikuwa jirani wa shangazi pale kibandani, ukuta kwa ukuta, na mtani wake wa siku nyingi. Fundi redio aliapa hajaona karanga wala kitu chochote cha chumvi. Na alisema kweli. Hakuulizwa habari za maji, naye hakuona sababu ya kuzitaja, maana nani anamshtaki mtu kwa kunywa maji?

Kitu kimoja nilikiona nikakipita. Siku moja nilimkuta shangazi amefumua viatu vyake mwenyewe na kuvishona upya, vipana zaidi. Niliona ni fundi anajitengenezea. Yeye aliyekuwa akisoma miguu ya watu toka mlangoni alikuwa ameshaisoma yake, akaishonea kiatu.

Siku ya kurudi kliniki tulipokewa na nesi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watoto uwanjani. Alimpandisha shangazi kwenye mizani, akatazama, akamwambia ashuke, akampandisha tena. Uzito umeongezeka. Akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Kidole kilipoondoka, shimo likabaki.

"Mama, mguu huu umeuona?"

"Nimeuona, mwanangu. Nimeshaupatia kiatu."

"Kiatu?" Nesi akanitazama mimi, akarudi kwake. "Vidonge unakunywa?"

"Vyote."

"Chumvi?"

"Muulize huyu mpishi... ameapa kuniua kwa uji."

"Na maji unakunywa kiasi gani kwa siku?"

Hapo shangazi alijiweka sawa kwenye kiti, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali alilolisomea. "Ya kutosha, mwanangu. Hapo sifanyi mchezo. Chupa kubwa asubuhi, ya pili mchana... ya tatu naimaliza kabla ya kufunga kibanda. Fundi redio ananijazia."

Nesi aliweka kalamu mezani. "Chupa tatu kubwa? Kwa nini, mama?"

"Si mlisema mapafu yamekakamaa? Ngozi ikikakamaa unailowesha. Mimi ni fundi... hilo si la kufundishwa. Nayalowesha taratibu, yalegee, ili nilale chali."

Nilitazama sakafu. Niliona vile viatu vipana, na nikaelewa kila kitu kwa mara moja: vile vidonge vilivyokuwa vinatoa maji upande mmoja, na yeye, kwa bidii yake yote na imani yake yote, alivyokuwa anayarudisha upande wa pili. Nilikuwa nusu ya kucheka na nusu ya kulia. Nesi hakucheka. Alizunguka meza, akamshika shangazi mkono.

"Mama, ingekuwa ngozi, ungekuwa umepona zamani. Njoo nikuonyeshe kitu. Unaweza kutembea mpaka pale dirishani?"

Nje ya dirisha palikuwa na bustani ya hospitali, na mtunza bustani alikuwa amekwenda kufungua bomba. Mpira wake wa kumwagilia ulikuwa umelala kwenye nyasi, laini, umejikunja hovyo kama utepe. Nesi akamwita kwa ile sauti yake: "Baba, fungua bomba, lakini mdomo wa mpira uukanyage!" Yule mzee akashangaa, akatii. Bomba likafunguliwa. Mpira ukatikisika, ukaanza kujaa, mikunjo ikajinyoosha yenyewe mmoja mmoja, na mwisho ukalala pale mgumu, umejikaza, kipande chake kimeinuka juu ya nyasi kama mkono.

"Ukunje sasa!" nesi akamwambia.

"Haukunjiki huu, sista. Mpaka nifunge maji."

"Umeona, mama?" Nesi alimgeukia shangazi. "Sasa nikwambie cha kifuani mwako. Mapafu si ngozi ya kiatu. Ni vifuko vidogo vya hewa, vingi kuliko nywele za kichwani. Kila kifuko kimevikwa wavu wa mishipa ya damu, myembamba sana. Na mishipa mikubwa inafuatana na njia za hewa tawi kwa tawi, bega kwa bega. Damu ikipita humo kwa kiasi chake, mishipa inatuna kidogo, inasimama, inavishikilia vile vifuko visilaliane. Kumbe damu haipiti tu. Inashika nyumba."

"Kumbe," shangazi alisema.

"Lakini mlango wako wa moyo ni mwembamba. Ni kama yule baba aliyeukanyaga mpira. Damu inarundikana nyuma, mishipa inajaa, inakaza. Ule wavu uliokuwa unakushikilia sasa unakubana. Kila ukivuta pumzi, unajaribu kutunisha kifuko kilichozungushiwa mipira migumu kama ule pale. Ndiyo maana unavuta kwa shingo na mabega. Na ukiketi, damu nyingine inabaki miguuni. Ukilala au ukiinama inakimbilia kifuani, mipira inakaza zaidi. Sasa wewe juu ya hayo unafungua bomba."

Shangazi alikaa anaangalia ule mpira kwa muda. Nilidhani amefedheheka. Lakini nilimjua; alikuwa anatafuta mahali pa kuliweka jambo hilo mikononi mwake.

"Basi si ngozi iliyokauka," alisema mwisho. "Ni kiatu kilichofungwa kamba kupita kiasi. Mguu ni mzima, ngozi ni nzima... kamba ndizo zimekaza."

"Hapo hapo, mama."

"Na kiatu kisicho na kamba nacho hakifai. Kinachomoka."

"Hapo hapo kabisa."

"Astaghfirullah." Akanigeukia. "Kisigino, mimi nimekuwa nikizivuta hizo kamba mwenyewe... chupa tatu kwa siku. Na yule mwenye redio amenisaidia kuzivuta." Akaanza kucheka, kicheko kile cha vipande vipande, na nesi naye sasa akacheka, na mimi nikalia nilivyokuwa nataka kulia.

Kidato cha pili tulichora mapafu. Mifuko miwili, bomba la hewa katikati, mishipa ya damu kwa wino mwekundu na wa buluu. Nilipata alama nzuri. Nilijua damu inaingia mapafuni kuchukua hewa safi na kuacha chafu, kama abiria kwenye kituo. Hakuna siku niliyojiuliza nyama laini kama ile inasimamaje ndani ya kifua bila kujilalia. Nilipokuwa nikirudi na shangazi siku ile nilitamka subhanallah kimoyomoyo, si mara moja. Kwamba Mola aliyetuumba aliifanya damu ile ile iliyo safarini iwe pia nguzo za nyumba inamopita, na akaiwekea kiasi: ikipungua nyumba inalegea, ikizidi nyumba inakaza.

Kuanzia siku ile alipimiwa maji kwa kikombe, na vidonge viliongezwa. Mtu asiyewahi kuona kiu asiseme ni jambo dogo. Fikiria mwanamke anayeshinda na mikono ndani ya beseni la maji, ngozi zinakunywa mbele yake, na yeye midomo imekauka. Sikumsikia akinung'unika. Fundi redio ndiye aliyenung'unika. Alijiona muuaji. Alikuja nyumbani amevua kofia, akaomba msamaha mpaka baba akamwonea aibu.

"Mama Soli, mimi nilijua ni maji tu."

"Hata mimi nilijua ni maji tu. Keti. Umeleta redio yangu?"

"Nimeileta, lakini nilitaka kwanza unisamehe."

"Redio umekaa nayo tangu mvua zilizopita. Hilo ndilo la kuombea msamaha."

Kisha akasema, kwa upole zaidi, kwamba funga zote alizofunga maishani hakujua zilikuwa za kumfunza nini, na sasa amejua. Aliugawa ule ujazo wa siku kwa funda, akapiga bismillahi kwa kila funda, na akaniambia maji yana utamu ambao alikuwa hajawahi kuuona.

Polepole, kamba zikaanza kulegea. Sentensi zikarefuka. Vifundo vya miguu vikarudi, na vile viatu vipana vikawa vinapwaya, akavifumua tena akicheka. Ndipo alipoanza mazoezi ya kulala.

Hakutaka kuyafanyia kitandani. Kitanda, alisema, kina huruma, na meza ya hospitali haina. Akaondoa visu na vipande vya ngozi kwenye meza yake ya kukatia, akajilaza juu yake chali, mikono ubavuni, na mimi nimesimama kando nimemshika kiganja. Siku ya kwanza aliinuka mara moja, macho yamemtoka. Siku nyingine alistahimili kidogo. Tulikuwa tukifanya baada ya adhuhuri, wateja wachache. Fundi redio alichungulia akamkuta vile.

"Haya, Mama Soli. Leo unajipima ngozi?"

"Nipime wewe. Nitoke jozi ngapi?"

"Jozi mbili na mkoba."

"Na mdomo wako nitautolea mkoba wa pili. Toka, nakunywa hewa hapa."

Akatoka, lakini nilimwona anabaki nyuma ya mlango, ameinamisha kichwa, midomo ikicheza. Alikuwa anamwombea. Wakati mwingine alimwekea redio ya mteja kwa sauti ya chini, kisomo cha Kurani, na shangazi alikuwa anatumia kisomo kile kujipima: leo nimefika hapa, kesho nitafika pale. Siku aliyosikiliza sura nzima ndefu mpaka mwisho bila kuinuka, aliniambia, "Mwite daktari."

Siku ya kazi yenyewe sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa na baba kwenye benchi la nje, tasbihi yake na yangu. Baba hakuacha kuuliza kama dada yake ataweza kustahimili. Kila mlango ulipofunguliwa tulisimama, tukaketi. Nilichokuja kujua baadaye nilielezwa na yule nesi, aliyekuwa ndani. Alisema shangazi alilala kama alivyoahidi. Mpira ulipokuwa unapandishwa, pumzi ilimbana, daktari akamuuliza kama wamwinue. Akatikisa kichwa kukataa. Puto likajazwa mlangoni, likatolewa. Kwenye kioo cha mashine, msukumo wa damu iliyorundikana mapafuni ukaanza kushuka pale pale, wakiwa wanautazama.

Na shangazi, akiwa chali, macho darini, alisema kwa sauti ya kawaida, sentensi nzima bila kupumzika: "Kuna mtu amenifungulia kamba."

Nesi aliniambia daktari aliacha kazi kidogo kwa sababu miwani yake ilikuwa imeingia ukungu.

Tulimrudisha nyumbani naye amekatazwa kuinama au kukunja paja mpaka kidonda cha mshipa kipone. Kwa hiyo alisubiri. Alisali kitini kama zamani, lakini sasa kwa utulivu wa mtu aliye kwenye foleni na zamu yake inajulikana. Aliporuhusiwa, hakusema lolote. Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nakunja nguo chumbani kwake. Alitawadha, akautoa ule mkeka, akaukung'uta dirishani, akautandika. Akanyanyua mikono, akafunga sala akiwa amesimama. Akarukuu. Mimi nikaacha nguo.

Akashuka. Alishuka kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyajua kina: goti, goti la pili, mikono, halafu polepole paji la uso.

Akabaki huko.

Nilikuwa nimezoea kipimo cha sijida zake tangu nasoma naye alifu kwa kijiti, na hii ilipita kipimo chote. Nikasogea. Nikataka kumgusa, nikaogopa kumkatia sala, nikataka kumwita baba, nikaogopa kuondoka. Mwisho nilipiga magoti kando yake na kuutazama mgongo. Ulikuwa unapanda na kushuka, chini ya kanga, mrefu na mpole, kama mgongo wa mtoto aliyelala. Sijapata kuona kitu kizuri kuliko kile.

Alimaliza sala yake yote. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na huko kushoto akanikuta.

"Kisigino. Hata na Mola wangu unanifuata?"

"Shangazi, nilidhani umezimia."

"Nilikuwa nazungumza. Maneno yalikuwa yamerundikana." Akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, ingawa uso wake mwenyewe ulikuwa umelowa kuliko wangu. "Nenda kakunje nguo zako. Bado sijamaliza."

Mwenyezi Mungu alimpa miaka mizuri baada ya hapo. Alishona, alitaniana, alinipigia kelele. Daktari alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba mlango kama ule huweza kujikaza tena, na ukajikaza, na safari hii ulikuwa umekuwa mgumu kama mfupa, puto lisingeufaa, na mwili wake usingestahimili kupasuliwa. Mwaka huu alirudi kwenye mito, kisha kitini. Akarudi kusali akiwa ameketi, na siku za mwisho kwa kuinamisha kope tu.

Niliogopa kumuuliza, lakini nilimuuliza. Kama inamuuma, kukosa tena pale chini.

Alipumzika kwanza, maana sentensi zilikuwa zimefupika tena. "Hapana," alisema. "Mara ile... nilikaa hapa nina njaa. Sasa nimekaa kama mtu aliyeshiba... anasubiri tu wenzake wamalize."

Ee Mola, uliyempanulia mlango wa moyo akakusujudia, mpokee kwa upana kuliko huo. Nasi tuliobaki mezani, tupe subira ya kumaliza.